Simu ya Dharura na Kiingereza cha Kuokokea: Tahakiki ya Somo Moja

0. Utangulizi

Katika vitabu vya kuwafundishia watu wazima Kiingereza, hasa vile vilivyokusudiwa wahamiaji na wakimbizi, kuna somo ambalo ni nadra kukosekana: somo la kuita msaada kwa simu. Mwanafunzi huonyeshwa picha ya nyumba inayoungua au ya mtu aliyeanguka chini, kisha hupewa mazungumzo mafupi ya kukariri. Mpokea simu anauliza kuna nini. Mpigaji anajibu kwamba nyumba yake inaungua. Anaulizwa anwani, anaitaja. Anaambiwa kuwa msaada unakuja. Anashukuru na kukata simu. Mistari sita au minane, na somo limekwisha.

Makala haya yanalitahakiki somo hilo. Hatukukusudia kumshambulia mtungaji fulani wala kitabu fulani. Tunachunguza kielezo chenyewe, jinsi kinavyorudiwa kutoka kitabu hadi kitabu, na tunauliza swali moja: je, mtu aliyejifunza kwa kielezo hicho ataweza kweli kumwokoa mtoto wake usiku wa manane?

Swali hilo latuhusu sisi Wakongo kuliko wengi. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2025, wenzetu walikuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka mashariki mwa nchi yetu, waliopitia kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996. Mapokezi hayo yalisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wako huko, wanaishi, wanazaa, wanaugua. Tena, wanafunzi wa idara zetu za Kiingereza na za Kiswahili ndio watakaofundisha na kufasiri kesho. Haifai wayapokee masomo kama hayo bila kuyapima.

1. Namba ilivyozaliwa

Tuanze na historia kwa ufupi, maana inaonyesha kusudi la simu hizi. Mwezi wa Novemba 1935, nyumba iliungua katika Wimpole Street, London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuwaita wazima moto alijikuta amewekwa kwenye foleni ya simu za kawaida. Aliandika barua ya malalamiko katika gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ilianza kutumika London. Marekani ilifuata mwaka 1968: simu ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari huko Haleyville, Alabama. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya namba ya pamoja, 112, mwaka 1991.

Kwa hiyo namba ya dharura ilibuniwa ili kuondoa kungoja. Lakini baada ya foleni ya mitambo kuondolewa, kulibaki foleni ya pili, nayo ni ya maneno: msaada hautumwi mpaka anayepokea ajue ni wapi na ni nini. Foleni hiyo ndiyo inayopaswa kufundishwa, na ndiyo ambayo somo letu linairuka.

2. Mpangilio wa mazungumzo

Wataalamu wa mazungumzo wamezichunguza simu hizi kwa muda mrefu. Emanuel Schegloff, katika makala yake ya mwaka 1968 juu ya namna mazungumzo yanavyofunguliwa, alitumia simu 500 hivi zilizopigwa polisi. Baadaye Don Zimmerman, Marilyn Whalen na Jack Whalen walieleza hatua za simu ya dharura: kufungua, kuomba, mfululizo wa maswali, jibu la mpokeaji, kufunga. Mambo matatu katika kazi zao yanastahili kuzingatiwa na mwalimu.

La kwanza ni kwamba salamu hazimo. Katika simu ya kawaida watu hutambuana na kujuliana hali. Katika simu ya dharura mpokeaji hutaja idara yake, na mpigaji huingia moja kwa moja katika shida yake. Kwetu kuingia hivyo ni utovu wa adabu. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hawezi kumwomba mkubwa jambo zito bila kwanza kumwamkia, kuuliza habari za nyumbani, na kueleza asili ya tatizo. Husimulia tangu mwanzo: tulikuwa tumekula, mtoto akalala, ndipo mama yake akasikia. Masimulizi hayo yana mantiki yake, kwani yanamwandaa msikilizaji kupokea ombi. Lakini mpokea simu wa huko anatazama fomu kwenye kioo cha kompyuta, na sehemu ya kwanza ya fomu hiyo kwa kawaida ni mahali.

La pili ni mfululizo wa maswali. Katika vitabu kuna swali moja au mawili. Katika simu halisi ni mengi: uko wapi hasa, ghorofa gani, namba unayopigia ni ipi, mgonjwa ana umri gani, yu macho, anapumua? Mengi ya maswali hayo yamepangwa tangu zamani. Utaratibu wa kuwauliza wagonjwa kwa orodha maalumu ulitungwa na daktari Jeff Clawson huko Salt Lake City mwishoni mwa miaka ya 1970, na umeenea katika nchi nyingi. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo hudhani kwamba anahojiwa kwa sababu hasadikiwi. Kumbe katika vituo vingi, wakati mmoja anauliza, mwenzake amekwisha kutuma gari.

La tatu ni kwamba simu haiishi pale mpigaji anaposhukuru. Tangu miaka ya 1980, vituo vya Marekani vilianza kuwaongoza wapigaji kwa simu namna ya kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama: mlaze chali sakafuni, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache. Hapo mpigaji hasemi karibu neno lolote. Anasikiliza amri na kuzitenda. Somo letu humfundisha kusema, nalo halimfundishi kusikiliza. Mbaya zaidi, humfundisha kukata simu.

3. Mifano miwili ya maneno yaliyoshindwa

Mtu aweza kusema kwamba shida ni uchache wa Kiingereza tu, na kwamba atakayekijua vizuri ataokoka. Mifano miwili yakanusha dai hilo.

Mwezi wa Januari 1984, mjini Dallas, mwanamume mmoja alipiga simu ya dharura kwa ajili ya mama yake wa kambo aliyekuwa anashindwa kupumua. Aliyepokea na muuguzi aliyeunganishwa naye walikuwa wasemaji wa Kiingereza kama yeye. Muuguzi alitaka kuongea na mgonjwa mwenyewe; mwana akajibu kwamba hawezi kuongea; yakazuka mabishano juu ya lugha aliyotumia mpigaji, hata gari likachelewa na mama akafa. Whalen, Zimmerman na Whalen waliichambua simu hiyo katika makala ya mwaka 1988. Walionyesha kwamba kila upande ulikuwa na picha yake ya shughuli inayofanyika: mwana aliona anaagiza huduma, na kila swali kwake lilikuwa kizuizi, muuguzi aliona anafanya kazi yake ya kuchuja, na kila jibu la hasira kwake lilikuwa ukaidi. Sarufi ilikuwa ileile, msamiati uleule. Kilichokosekana ni kuelewana juu ya aina ya mazungumzo.

Mfano wa pili unatoka angani. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca kutoka Kolombia ilianguka Cove Neck, karibu na New York, baada ya kuishiwa mafuta. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha na wakaomba kipaumbele, lakini hawakutamka neno rasmi la kutangaza dharura. Kwa sikio la mwongozaji, kipaumbele na dharura si kitu kimoja. Marubani hao hawakuwa wajinga wa Kiingereza; walijua maneno mengi, ila lile moja lililobeba uzito wa sheria halikutamkwa.

Mabaharia waliliona tatizo hilo mapema, wakajitungia Kiingereza chao kifupi, Seaspeak, katika miaka ya 1980. Na mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha orodha ya misemo sanifu ya mawasiliano melini. Hakuna anayemtaka nahodha aongee kama Shakespeare. Anatakiwa atamke misemo michache iliyokubaliwa, kwa mpangilio uliokubaliwa. Mwalimu wa simu ya dharura angejifunza kwa mabaharia kuliko kwa watungaji wa mazungumzo ya darasani.

4. Mitego ya Mkongo

Kasoro nyingine ya kielezo hiki ni kwamba kimeandikwa kwa mwanafunzi asiye na lugha ya kwanza. Kitabu kilekile huuzwa kwa Mvietinamu, kwa Msomali na kwa mtu wa Uvira. Lakini msemaji wetu hafiki darasani akiwa mtupu. Huja na Kiswahili, na ikiwa alisoma, huja na Kifaransa pia. Lugha hizo mbili zina mitego yake, nasi isimu linganishi ingeweza kuionyesha kabla haijanasa mtu.

Mitego ya Kifaransa ndiyo inayojulikana kidogo zaidi kwa walimu wa huko. Neno « blessé » kwa Kifaransa ni majeruhi. Mkongo anayelipeleka katika Kiingereza husema kwamba mwanawe amebarikiwa. Neno « pain », ambalo kwa Kiingereza ni maumivu, kwa jicho la msomaji wa Kifaransa ni mkate. « Crise », ambalo kwetu hutumiwa kwa mtu aliyeshikwa na pumu au kifafa, likigeuzwa kuwa « crisis » halimwambii mpokeaji kwamba mtu anashindwa kupumua. Hata kutaja herufi ni hatari. Jina la E kwa Kiingereza husikika kama jina la I kwa Kifaransa, na majina ya G na J ni kama yamebadilishana nafasi. Mtu akiombwa ataje jina la barabara yake herufi kwa herufi, gari laweza kupelekwa kwingine.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Katika Kiswahili, kumi na tatu na thelathini hazifanani hata kidogo, kwa hiyo msemaji hana sababu ya kushuku. Katika Kiingereza, « thirteen » na « thirty » zinatenganishwa kwa mkazo, urefu wa irabu na konsonanti ya mwisho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, na Kifaransa huuweka mwishoni. Hakuna kati ya hizo mbili inayomzoesha sikio kutofautisha maneno kwa mkazo pekee. Dawa ni rahisi, nayo haimo vitabuni: kutaja tarakimu moja moja, moja kisha tatu, tatu kisha sifuri.

Kiswahili chenyewe kina hesabu ya saa. Tuchukue mgonjwa wa kiharusi. Madaktari huuliza dalili zilianza saa ngapi, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu mwanzo wa ugonjwa. Mtu anayehesabu saa kuanzia mapambazuko, aliyemwona baba yake akianguka saa nne asubuhi, akitafsiri neno kwa neno atataja saa ya nne ya Kizungu. Kosa ni la saa sita. Kosa hilo laweza kumnyima mgonjwa dawa aliyostahili, au kuleta mkanganyiko wakati ambapo kila dakika inahesabiwa. Vivyo hivyo, kwetu kusema mtu « ana kifua » ni kusema anakohoa au ana ugonjwa wa mapafu. Kwa Kiingereza kifua ni kiungo tu ambacho kila mtu anacho.

5. Mkalimani na Kiswahili chake

Wapo watakaosema: basi na mpigaji aombe mkalimani. Ni kweli kwamba huduma za ukalimani kwa simu zipo Marekani tangu miaka ya 1980, na vituo vingi huzitumia. Lakini somo letu halimfundishi mwanafunzi sentensi hiyo, ambayo ni ya thamani kuliko zote: kutaja jina la lugha yake. Tena alitaje kama linavyotajwa huko, yaani Swahili. Akisema Kingwana, au akitaja lugha ya kijiji chake ambayo mpokeaji hajapata kuisikia, muda utapotea. Afundishwe pia kwamba baada ya kuitaja lugha kutakuwa na kimya, labda na mlio, na kwamba kimya hicho si kukataliwa. Abaki kwenye simu.

Hapo ndipo linapoingia suala letu la Kiswahili. Mkalimani atakayeunganishwa aweza kuwa mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam, mwenye Kiswahili sanifu. Mpigaji ni mtu wa Lubumbashi au Bukavu. Akisema « bibi yangu anazaa », sisi twasikia mke. Mkalimani wa Tanzania asikia nyanya. Akisema « batoto banaungula », labda ataeleweka. Lakini akichanganya maneno ya Kifaransa kama tunavyofanya kila siku, akaomba « pompiers » badala ya zimamoto, mkalimani asiyejua Kifaransa atakwama. Na mkalimani akiuliza juu ya « dharura », neno hilo la pwani si la kila siku masikioni mwa wengi wetu. Wapo wanaochukulia tofauti za lahaja kuwa mada ya mitihani tu. Katika simu ya namna hii, tofauti hiyo ina bei.

6. Yanayonyamaziwa

Elsa Auerbach na Denise Burgess, katika makala yao ya mwaka 1985 juu ya Kiingereza cha kuokokea, walikwisha kuonya kwamba vitabu vya aina hii hurahisisha hali halisi hata ikapotea, na kwamba humfundisha mgeni utii kuliko kuelewa. James Tollefson, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alitoa lawama za namna hiyo juu ya mafunzo waliyopewa wakimbizi wa Indochina kambini kabla ya kwenda Marekani. Somo la simu ya dharura lathibitisha maonyo hayo. Mpigaji wa kitabuni hana hofu. Wa kweli anazo kadhaa. Kupiga simu hakulipiwi, lakini Marekani kubebwa na ambulansi mara nyingi huletewa ankara, na familia maskini huijua ankara hiyo. Aliyewakimbia askari wenye silaha hufikiri mara mbili kabla ya kuita polisi mlangoni kwake. Kitabu kisichozungumzia hofu hizo kinamfundisha mtu ambaye hayupo.

Lawama ya pili ni juu ya mzigo wenyewe. Kielezo chadokeza kwamba wajibu wa kueleweka ni wa mpigaji peke yake. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi amri iliyozitaka idara za serikali kuu kuwarahisishia huduma wasiojua Kiingereza vizuri. Amri hiyo ilifutwa tarehe 1 Machi 2025, siku Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi ya Marekani. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya mtu katika miradi inayopokea fedha za serikali kuu, ingalipo. Hata hivyo mwelekeo ni wazi: mzigo unazidi kumwelemea mgeni. Hiyo ni sababu zaidi ya kumpa somo lililo bora.

Haki yatudai tutaje mema ya kielezo hiki. Ni kifupi, chakaririka, hata mtoto hukishika. Na mtoto ndiye mara nyingi mwenye Kiingereza nyumbani. Humlazimisha mwanafunzi ajue anwani yake kwa moyo. Hilo si dogo. Wengine husema kwamba hata anwani haihitajiki tena, kwa kuwa simu za mkononi hujulisha mahali zilipo, jambo ambalo kanuni za Marekani zilianza kulidai tangu 1996. Lakini mtambo unaoonyesha jengo si lazima uonyeshe mlango, na katika jengo la vyumba mia kila mlango unahesabika.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba somo la simu ya dharura limekosea mahali pa kutia nguvu. Limehesabu maneno, likasahau mpangilio. Limefundisha kusema, likasahau kusikiliza. Limemfundisha mtu yeyote, likamsahau Mkongo. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mpangilio ufundishwe kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Mwanafunzi aelewe kwa lugha yake kwa nini salamu zinaachwa, kwa nini maswali ni mengi, na kwa nini asikate simu mpaka aambiwe. Pili, misemo ya Kiingereza ya kutamka iwe michache na ya lazima: mahali, tarakimu moja moja; tukio kwa neno moja, yaani moto, damu, hapumui, silaha; namba ya simu; jina la lugha. Tatu, nusu ya muda wa somo iwe ya kusikiliza amri na kuzitenda kwa mwili, si kwa kalamu. Nne, idara zetu za Kiswahili zitunge faharasa ndogo ya maneno ya ugonjwa na hatari, ikilinganisha Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Tanzania, kwa matumizi ya wakalimani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji wanafunzi wachache wa licence, daftari, na subira ya kuwasikiliza watu jinsi wanavyosema wanapoogopa.